Najisi na Manufaa: Maneno Juu ya Tope la Vyoo na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa tohara na ardhi kuwa mahali pa kusujudia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, kijitabu hiki kimekusudiwa kujibu swali ambalo watu wa miji yetu wamelitupa nyuma ya migongo yao kwa sababu ya kinyaa, ilhali vitabu vya dini vimelifungulia mlango wa kwanza kabisa, nao ni mlango wa tohara. Swali lenyewe ni hili: kitu kilichotoka katika najisi, kisha kikageuzwa kwa dawa na kwa elimu kikawa kitu kingine chenye faida, je, chaweza kuitwa chema? Na mtu akigeuzaye, je, ni wa kuheshimiwa au ni wa kuepukwa?

Usidhani, ewe msomaji, kwamba hili ni swali la watu wasio na kazi. Mji wa Tabora una watu zaidi ya laki tatu kwa hesabu ya mwaka 2022, na walio wengi wao hutumia vyoo vya shimo au makaro. Mashimo hayo hujaa, na yakijaa hapana budi kilichomo kiende mahali. Mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiye na uwezo huwaita watu wa kuteka kwa ndoo usiku. Na mwenye moyo mbaya hungoja mvua kubwa ya masika, akatoboa ukuta wa shimo lake ili maji ya mvua yachukue kila kitu yakapeleke kwa jirani aliye bondeni. Jambo hili lina jina lake katika miji yetu, waliita kutapisha choo. Anayelitenda huamka alfajiri akatawadha kwa maji safi, akasali, akajiona ametoharika.

Njia ya misafara na ajaye nyuma

Mji wetu ulizaliwa njiani. Burton na Speke walipofika Kazeh katika Unyanyembe, mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliikuta njia kongwe itokayo pwani ya Bagamoyo ikipita hapa na kwenda hata Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi maelfu kwa maelfu waliipita kila mwaka wakichukua pembe na nguo na shanga. Kila kambi ilikuwa na kisima chake, na kila kisima kilinywewa na wageni wasiojuana. Aliyejisaidia kando ya kisima hakuiona dhara yake, kwa maana kulipokucha alijitwika mzigo akaenda zake. Dhara iliyabakia matumbo ya yule ajaye nyuma.

Maradhi ya kipindupindu yaliijua tabia hii ya wasafiri. Daktari James Christie, aliyekaa Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 namna maradhi hayo yalivyofika Unguja mwaka 1869: hayakuja kwa jahazi, yalikuja kwa nchi kavu, yakifuatana na misafara iliyoteremka kwa upande wa Pangani. Wala mambo haya si ya kale tu. Mwezi wa Mei mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi waliposongamana Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma, watu kiasi cha elfu tatu waliugua kipindupindu kwa muda mchache, na kiasi cha thelathini wakafa. Mahali palikuwa padogo, watu wengi, na kinyesi na maji ya kunywa vilikuwa jirani.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alikwisha kutuonya na hayo kabla hatujajua bakteria ni kitu gani. Imepokewa kwamba amewakataza watu wasijisaidie penye maji, wala katika njia, wala katika kivuli wapumzikiapo watu, akayataja mahali hayo kuwa ni yenye kumletea laana mtendaji. Yatazame mahali hayo matatu, nawe utaona yote ni mahali pa ajaye nyuma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikakoma. Sasa sisi tumekaa, hatuondoki alfajiri. Basi ajaye nyuma yetu kisimani ni mtoto wetu na mtoto wa jirani.

Tope ni kitu gani, na lageuzwaje

Yafaa tulieleze jambo lenyewe kabla ya kulihukumu, kwa kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu. Katika miji mingi maji taka hutulizwa katika mabwawa, na kizito hushuka chini kikawa tope. Katika kila sehemu mia za tope bichi, tisini na tano au zaidi huwa ni maji. Kilichobaki ni mabaki ya chakula, na mafuta, na miili ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoshikamana kwa ute kama ute wa bamia. Ndani ya miili hiyo mna protini na wanga na mafuta, lakini kila mmoja una ukuta wake, na vyote vimefungwa kama asali katika mzinga.

Tope likiachwa katika chombo kisichoingia hewa, huoza kwa daraja. Daraja la kwanza, vitu vikubwa hukatika vikawa vidogo. Daraja la pili, vidogo hivyo hugeuka kuwa asidi za mafuta zilizo fupi, na iliyo mashuhuri kati yake ni asidi ile ile iitiayo ukali siki ya jikoni. Daraja la tatu, viumbe vya namna nyingine huzila asidi hizo na kutoa methani, nayo ni hewa iwakayo moto. Lililo zito ni daraja la kwanza, kwa ajili ya kuta zile.

Hapo ndipo dawa iingiapo. Wataalamu hutia alkali mpaka kipimo cha ukali kifike kiasi cha 10. Na kipimo hiki huenda tangu 0 hata 14, na maji matupu husimama penye 7. Alkali huvunja kuta na kuyeyusha ute, na vilivyofungwa hutoka. Tena huleta faida ya pili: viumbe vya kutoa methani hupenda kipimo kilicho karibu na 7, basi hudhoofika, ilhali vile vya kutoa asidi huendelea na kazi yao. Hivyo asidi hujikusanya badala ya kuliwa. Wako watumiao dawa nyingine katika kuzivunja kuta, lakini makusudio yao ni hayo hayo.

Alkali si mgeni nyumbani kwetu. Magadi ya kuivishia maharagwe ni alkali, na maji ya majivu ni alkali, na wapikao sabuni ya mawese huko Kigoma hukutanisha mafuta na alkali mpaka vyote viwili vikawa kitu cha tatu kisichofanana na vizazi vyake. Mwenye kuijua kazi hiyo amekwisha kuifahamu nusu ya maneno yetu.

Ama faida ya asidi hizo, ni kubwa kuliko ya kuwasha methani. Hulishwa viumbe visafishavyo maji taka, ili viondoe naitrojeni na fosforasi ambazo zikifika katika mito na maziwa huotesha magugu na kuyaharibu maji. Tena wako viumbe ambao wakilishwa asidi hizo huhifadhi miilini mwao kitu mfano wa plastiki, ambacho kikitupwa ardhini huoza. Kazi hii imechunguzwa sana huko China na Australia na Ulaya. Katika Afrika Mashariki walioanza wamepita njia zilizo nyepesi: huko Naivasha, shirika la Sanivation limegeuza kinyesi cha watu kuwa kuni za kubanwa, Nairobi, Sanergy wamelisha uchafu huo mabuu ya nzi, na Kampala, kituo cha Lubigi kilichofunguliwa mwaka 2014 hupokea tope liletwalo na magari na kulikausha. Njia ni mbalimbali, na swali la dini ni moja.

Siki na ngozi

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu tangu pwani hata Ujiji, kitu kilicho najisi kwa dhati yake hakitohariki kwa kugeuka, ila vitu vichache vilivyotajwa. Mashuhuri katika hivyo ni viwili: mvinyo ugeukapo siki, na ngozi ya mnyama mfu ikitiwa dawa ya kuitengeneza, isiyokuwa ya mbwa wala nguruwe.

Sasa zingatia, ewe ndugu, tofauti ya viwili hivi. Mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki umetoharika, lakini mtu akitia kitu ndani yake kwa kusudi la kuugeuza, hautohariki kwa madhehebu haya. Ngozi ni kinyume chake: haitohariki hata iachwe jua la mwaka mzima, mpaka mtu aishughulikie kwa dawa kali iondoayo mafuta na unyevu wake. Katika mfano wa kwanza mkono wa mtu umezuiwa, na katika mfano wa pili mkono wa mtu ndio sharti. Nalo tope letu limesimama baina ya mifano hii miwili: hutoa asidi ya siki, lakini hutengenezwa kwa dawa kali kama ngozi. Hata hivyo mafakihi wa Kishafi hawakuruhusu kuliingiza kwa kulinganisha. Kwao hubaki katika asili yake, yaani najisi.

Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wamekwenda njia nyingine, wakaifuata kauli ya mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan. Mfano wao ni punda aliyeanguka katika shimo la chumvi akafa, na siku zikapita mpaka naye akawa chumvi. Wamesema chumvi hiyo ni tohara, kwa sababu hukumu hufuata jina na sifa, na jina la punda limeondoka na sifa zake zimeondoka. Mfano huo haukai mbali na nchi yetu. Katika njia ya Tabora na Ujiji iko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu wameyapika zaidi ya miaka elfu moja. Lau punda wa msafara angalizama katika chumvi namna hiyo, Mshafi angaliiacha chumvi ile, na Mhanafi angaliila, na kila mmoja ana imamu wake na hoja yake.

Katika zama zetu, Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia lilitoa uamuzi mwaka 1978 juu ya maji taka yanayosafishwa kwa vyombo vya kisasa, wakasema yakisafika mpaka rangi na ladha na harufu ya najisi zimeondoka kabisa, maji hayo ni tohara. Na katika kunywa wakahadharisha kwa ajili ya afya. Lakini hayo ni maji, na maji yana mlango wake. Tope na kitokacho katika tope si maji, wala haifai kuchukua hukumu ya hiki ukaitupia kile.

Najisi si maana ya kutofaa

Sasa tumefika penye kiini cha kijitabu hiki. Watu wengi husikia neno najisi wakadhani maana yake ni kitu kisichoguswa wala kutazamwa wala kufaa kwa lolote. Hayo siyo waliyoyasema maulamaa. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita penye kondoo aliyekufa, akawauliza wenyewe kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakanufaika nayo. Walipomwambia kwamba ni mzoga, aliwajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Fikiri jibu hilo. Hakusema mzoga si mzoga, bali ametenga baina ya hukumu ya kitu na manufaa ya kitu.

Mafakihi wa Kishafi wenyewe, pamoja na ukali wao katika tohara, wamejuzisha kuweka samadi shambani, na mmea uotao katika samadi ni tohara. Wamejuzisha kuwasha taa kwa mafuta yaliyoingiwa na najisi, isipokuwa msikitini. Hata katika fedha wameonyesha njia: kuuza dhati ya najisi hakusihi, lakini mwenye nayo aweza kuondoa mkono wake kwa malipo, akamwachia mwenziwe. Na ujira wa kuichukua na kuiondoa ni ujira wa kazi.

Basi ikiwa asidi za tope hulishwa viumbe visafishavyo maji, au hufanywa kitu kisichoingia katika chakula wala kinywaji wala nguo ya kusalia, hatuna haja hata ya kuuliza kama zimetoharika. Khitilafu ya siki na punda ni nzito, nasi hatuidharau; lakini haimzuii hata mtu mmoja kuliondoa tope mlangoni pa jirani yake. Mwenye kujificha nyuma ya khitilafu hiyo ameitafuta dini ili akae kitako.

Tena yafaa tutenge baina ya najisi na kinyaa, kwa kuwa watu huvichanganya. Kamasi ni tohara, na kila mtu huchukizwa nayo. Mvinyo ni najisi kwa kauli ya maimamu wanne, na mlevi huupenda. Ingekuwa kinyaa ndiyo mizani, tungaliikosea kamasi na kuusamehe mvinyo. Na katika Sura ya Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha maziwa tunywayo, yatokayo tumboni mwa mnyama baina ya uchafu na damu, nayo ni safi na matamu kwa wanywao. Aliyeweka njia hiyo ndani ya ng'ombe hakuona haya kutufundisha kwa mfano huo. Sisi ni nani hata tuone haya kujifunza?

Hoja za wapingao

Mtu aweza kusema: kazi hii ni ya serikali na mamlaka za maji, haituhusu. Twamjibu kwamba kuondoa dhara katika mji ni faradhi ya kutosheleza. Wakiitimiza baadhi ya watu wengine wamesamehewa, na ikiachwa na wote wote wamepata dhambi. Serikali ikiitimiza, sisi tuna sehemu yetu, nayo ni kulipa ada ya gari, na kujenga shimo lifikikalo, na kutotapisha.

Mwingine aweza kusema: dawa hizo zenyewe zina hatari. Hoja hii ni ya kweli, nayo yataka jawabu la kweli. Alkali kali huunguza ngozi na macho. Dawa inayovunja kuta za viumbe haiondoi madini mazito kama risasi yaliyomo katika tope, na mayai ya minyoo ni sugu. Hayafi kwa sababu tu harufu imepungua. Tena dawa hugharimu fedha, na alkali ikishamaliza kazi huacha chumvi majini. Kwa hiyo twasema: kila pato lipimwe pamoja na masazo yake. Mwenye kutoa asidi akauza, kisha akamwaga masazo mtoni, hakuondoa dhara. Ameihamisha tu, kama yule wa mvua ya masika. Kanuni ya mafakihi katika jambo hili ni mashuhuri, kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake.

Wa tatu aweza kusema: huenda siku moja vitu hivi vikaingizwa sokoni bila ya watu kujua asili yake. Hapa twasimama pamoja naye. Mwenye kuuza mbolea au mafuta au asidi iliyotoka katika tope, ni wajibu wake kusema imetoka wapi. Mshafi ana haki ya kujiepusha na Mhanafi ana haki ya kuchukua, na wote wawili huporwa haki hiyo na anayenyamaza. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na ghushi ni haramu hata katika bidhaa iliyo tohara kama maziwa.

Haki ya mwenye kuitenda kazi

Limebaki swali letu la pili, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Huko Dar es Salaam watu washukao mashimoni kuteka kwa mikono wamepachikwa jina la vyura. Huitwa usiku, hupewa fedha kwa ncha ya vidole, na asubuhi aliyewaita hupita kando yao asiwaamkie. Wengi wao hushuka bila ya mipira ya mikono wala viatu, katika hewa ambayo imepata kuua watu mashimoni.

Nawauliza enyi mnaosoma: ni nani aliye karibu zaidi na najisi, ni huyu aliyeigusa kwa mkono kisha akaoga, au ni yule aliyeifanya kisha akamwachia jirani? Najisi ya mkono huondoka kwa maji. Dhuluma ya jirani haiondoki kwa maji, wala kwa udhu, wala kwa sala, mpaka mwenyewe arudishiwe haki yake. Imepokewa kwamba Mtume alimlipa ujira wake mtu aliyempiga chuku, na kazi ile ni ya kushika damu, nayo damu ni najisi. Hakumdharau wala hakumpunja. Na kuondoa chenye kuudhi njiani tumefundishwa kuwa ni tawi la imani. Ikiwa mwenye kuondoa mwiba mmoja njiani ana ujira kwa Mola wake, mwenye kuondoa kipindupindu katika mtaa mzima atakuwa na nini?

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu wa Tabora na wa njia yote tangu Bagamoyo hata Ujiji mambo matatu. La kwanza, mtu asilitoe tope lake nyumbani ila kwa njia ipelekayo mahali pa kusafishwa, na gharama yake aihesabu katika matumizi ya lazima ya nyumba, kama chakula. La pili, mwenye kumwajiri mtu wa kazi hii ampe vifaa, na ujira wake kabla jasho halijakauka, na salamu mchana. La tatu, vijana wetu wenye akili ya kemia wasione haya kusoma elimu ya tope. Misikiti yetu huwaombea dua madaktari wanaotibu kipindupindu, na wanaokizuia kisije wamestahiki dua iyo hiyo.

Basi jawabu la swali la kwanza ni kwamba kitu chaweza kubaki najisi katika mlango wa sala na kikawa chema katika mlango wa manufaa, na mwenye elimu hauchanganyi mlango huu na ule. Na jawabu la swali la pili ni kwamba heshima ya mtu hupimwa kwa kile anachomwachia ajaye nyuma yake. Mwenyezi Mungu atutoharishe miili yetu na nyoyo zetu, na atujaalie tusiwe dhara kwa jirani zetu. Amina.